Mashine Iliyofundishwa Sauti ya Mto

Jongeeni, nipeni masikio, ila msinipe na akili zenu zote. Bakizeni kidogo, maana nitaihitaji.

Palikuwa na Dakta Asteria Mlowe, mkuu wa idara ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja. Alikuwa na wanafunzi watatu wa shahada ya pili, kila mmoja na kipaji chake. Nzowa alijaliwa masikio: ukigonga kikombe chumba cha pili, atakuambia kama kina ufa. Kokusiima alijaliwa hesabu: swali lililowatoa wenzake jasho, yeye alilitazama, akatabasamu, akaandika jibu. Sikudhani alijaliwa kufundisha: alimweleza bibi yake jinsi kompyuta inavyofikiri, hata bibi akaanza kuikosoa.

Sasa, chini ya milima ulipita Mto Kilole, na ukingoni mwake palikuwa na shule ya msingi yenye watoto mia tatu na kumi na wawili. Mto ule ulikuwa na hila. Mvua ilinyesha mlimani, huku chini jua linawaka, na maji yakaja bila hodi. Mwaka mmoja yalichukua watoto wawili na mpishi wa uji. Asteria alipopata habari hizo hakulala vizuri kwa wiki nzima, kisha akawaita wanafunzi wake.

"Mashine inaweza kufundishwa kuusikia mto kabla yetu," aliwaambia. "Nendeni mkaifundishe."

Nzowa akapanga chumba kijijini kwa misimu miwili ya masika. Kila siku alishuka mtoni na kinasa sauti, akaurekodi mto ukiwa mtulivu, ukiwa umenuna, ukiwa umefura, na kila sauti akaiandikia maelezo kwa mkono wake. Siku moja ukingo ulimmomonyokea. Akavunjika mguu, kinasa sauti amekikumbatia kifuani. Tangu siku hiyo anachechemea. Bila Nzowa, mashine ingefundishwa nini?

Kokusiima akazipokea zile sauti, elfu tisa na ushei. Programu yake ya kwanza ilipiga kelele za hatari kila lori lilipopita. Ya pili ilitaka mtandao, na kule kijijini mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Akabomoa, akajenga, akabomoa tena, mara kumi na saba. Katikati ya kazi akapata barua ya ajira kutoka kampuni ya ng'ambo. Akaikataa ili amalize. Hatimaye programu ikaenea ndani ya simu chakavu isiyohitaji mtandao. Bila Kokusiima, sauti zingebaki kelele tu.

Sikudhani akaenda shuleni, ambako walimu walimcheka. "Simu iujue mto kuliko sisi tuliozaliwa hapa?" Hakubishana nao. Aliwaketisha, akawamwagia maharage na punje za mahindi mezani, akawaonyesha jinsi mashine inavyojifunza kutenganisha hiki na kile, na jinsi inavyokosea. Likizo tatu alizimalizia kule, mtoto mchanga mgongoni. Bila Sikudhani, simu ingelia na watu wangeizima.

Ikafika Jumanne moja, saa nne asubuhi, jua kali. Ile simu, iliyowekwa dirishani kuelekea mtoni, ikalia ofisini mwa mwalimu mkuu, Mzee Chihongo. Akatoka nje, akatazama mbingu.

"Mvua iko wapi? Hakuna kukimbilia kilimani, watoto wabaki darasani, hii ni wiki ya mtihani."

Mwalimu Tabu wa darasa la pili akamzibia njia. "Samahani, Mwalimu Mkuu. Hii haisikilizi mbingu, inasikiliza mto."

"Na kama imekosea?"

"Ikikosea yenyewe, tutarudi tumechoka. Tukikosea sisi, hatutarudi."

Mzee Chihongo akaishika kengele. Akaigonga, watoto wakakimbia.

Mtoto wa mwisho alikuwa hata hajakaa chini kule kilimani maji yalipokata kona, meusi, yamebeba magogo. Madarasa manne yakaondoka kama masanduku matupu. Walimu wakawahesabu watoto mara tatu, maana waliogopa kuamini: mia tatu na kumi na wawili.

Sifa zikakifikia chuo, na chuo kikatoa nafasi moja: mhadhiri msaidizi, pamoja na kusomeshwa shahada ya uzamivu. Asteria apeleke jina kabla ya saa tisa alasiri. Aliomba nafasi mbili, akanyimwa. Aliomba igawanywe, akajibiwa, "Dakta, kiti kimoja hakikaliwi na watatu."

Saa nane akawaita ofisini kwake. Moyoni alitumaini wawili wangejitoa wenyewe.

"Mimi nitasema wazi," alianza Nzowa. "Kwa mguu huu, kazi ya mitoni basi tena. Nisipoandikwa mimi, niliumia bure."

"Ile ajira niliikataa kwa ushauri wako, Dakta," akasema Kokusiima. "Uliniambia chuo hakitanisahau."

Asteria akainamisha uso, maana ilikuwa kweli.

Wenzake wakamgeukia Sikudhani. "Kila panapogawiwa, mwalimu huambiwa asante," alisema taratibu. "Wale watoto walikimbia kwa sababu mtu mzima mmoja aliamini. Imani ile sikuipakua mtandaoni."

Wakatoka, wakakaa ukumbini kwenye benchi moja. Watatu waliokuwa wakila sahani moja sasa hawakutazamana. Ndani, Asteria aliandika herufi ya kwanza ya jina, akaikata. Akaandika nyingine, akaikata pia. Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi kabla ya saa tisa, na tarishi wa kulichukua jina alikwishabisha hodi mlangoni.

Haya, ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo. Msiniambie "wote watatu", chuo kimekwishakataa. Je, ungekuwa wewe ndiye Asteria, ungeandika jina la nani? Na ukifungua ule mlango, wale wawili ungewaambia nini?