Mashine Isiyo na Pa Kushikia

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, nafasi ipo. Haya nitakayowaeleza sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili ambayo mpaka leo yanasoma namba ya pikipiki ikiwa bado iko kule sokoni. Na najua yupo mmoja huko nyuma ameshaanza kujiuliza: mwanamume ameingiaje katika nyumba yenye eda? Tulia. Bi Mkubwa ninayemsema na marehemu mama yangu wamenyonya titi moja. Nilikuwamo ndani ya nyumba ile, nimekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, na hakuna kilichonipita.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye wake wawili, akajenga nyumba ambayo fundi alimwuliza mara tatu kama ana hakika. Zilikuwa nyumba mbili, kila moja na mlango wake wa mbele, jiko lake na choo chake, zimeunganishwa na ukumbi mmoja mrefu wa hatua thelathini, ili yeye atoke kwa huyu aende kwa yule bila kulowa mvua. Mashariki akakaa Bi Mkubwa, magharibi akakaa Bi Mdogo. Na katikati ya ukumbi, sakafuni, palikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya mafuta, upana wa vidole vinne, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule. Hatua kumi na tano huku, kumi na tano kule. Kwa miaka kumi na tisa, mtu mzima pekee aliyeuvuka mstari ule alikuwa yeye bwana mwenyewe na kandambili zake.

Msidhani wake wale waligombana. Wangegombana wangepatana. Wakikutana kwenye shughuli walisalimiana vizuri tu, na maulizo ya afya juu. Wakirudi nyumbani, kila mmoja mlango wake. Ujumbe ulibebwa na watoto: kamwambie Bi Mdogo bomba la maji limefungwa, kamwambie Bi Mkubwa mbuzi wake yuko kwenye mchicha wangu. Watoto wakakua, wakaondoka, na ujumbe nao ukaisha.

Bwana akafariki. Wanawake wawili wakaingia eda siku moja, nyumba moja, kila mmoja mwisho wake wa ukumbi. Miezi minne na siku kumi. Mnajua ukimya wa nyumba ya namna hiyo? Unasikia hata mwenzako akiweka kijiko mezani.

Basi Bi Mkubwa alikuwa na sukari, mwaka wa kumi na moja huo. Wiki ya tatu ya eda akakanyaga kaa la moto lililodondoka jikoni. Hakulisikia. Alisikia harufu kwanza, akadhani kuna kitu kinaungua chunguni, akafunua chungu, akakiona kizima, ndipo akatazama chini. Huo ndio mguu wenyewe. Hospitalini, daktari, binti mdogo lakini mkavu, akamchomachoma unyayo kwa kijiti na Bi Mkubwa akawa anamwambia, "Anza basi," kumbe mwenzake ameshamaliza.

Daktari akamwambia, "Mama, dawa utaendelea nazo, na kidonda kikifunga, utembee nusu saa kila siku ya Mungu. Usipotembea, tutaanza na kidole. Tutakapoishia sikuahidi."

Shehe naye akaulizwa, akasema wazi kwamba dini si kamba ya kumnyonga mtu, mwenye haja ya matibabu anatoka mchana akarudi. Bi Mkubwa akashukuru. Hospitali akakubali kwenda. Lakini kuzunguka mitaani kila asubuhi mumewe hajatimiza hata miezi miwili kaburini, hilo moyo wake ulikataa. Alisema alimtunza mumewe akiwa hai kwa kadiri yake, na eda yake ataikaa kwa kadiri yake. Mnamlaumu? Mimi simlaumu. Mwanamke aliyekata shauri namna ile, unamwachia njia.

Ndipo mwanawe aliyeko Mwanza akapata wazo. Siku hizi wazo linakuja na picha. Akamtumia mama yake picha za mashine ya kutembelea ndani, zile nyembamba za bei nafuu, unawasha, ukanda unazunguka, unatembea na hufiki popote. Muuzaji alikuwa amebakiwa na moja tu, anaishikilia mpaka Ijumaa. Mama aamue.

Hapa nataka mumwelewe Bi Mkubwa. Shule hakwenda, lakini bidhaa anaijua kuliko aliyeitengeneza. Kila jioni alimpigia mwanawe, simu kwenye spika, sauti mpaka mwisho kwa sababu sikio la kulia limechoka, akaichambua mashine ile kama mchele wa ruzuku. Inabeba uzito gani? Kilo mia. Akasema yeye ana tisini na nne, na akivaa nguo za baridi je? Umeme ukikatika mguu wake uko hewani, nani atamdaka? Mwanawe akamsomea maelezo kwamba ikitumika nusu saa lazima izimwe ipoe. Bi Mkubwa akasema kwamba basi hiyo mashine nayo ni mgonjwa, watakuwa wawili ndani ya nyumba wanaopumzishana. Na pa kushikia? Mwanawe akazungukazunguka. Mwisho akakiri: aina hii ya bei nafuu haina mikono. Unasimama juu yake hivyo hivyo.

Lakini akaitaka. Usiku kucha aliipenda. Na sababu yake niwaambie, maana ndiyo iliyonifanya niwaite hapa leo.

Asubuhi moja, kidonda kikiwa kimeshafunga, aliukunja mkeka kwa vipimo vya mashine, akasimama juu yake na kuanza kupiga hatua palepale, kujaribu. Dakika ya tatu akayumba, akaidaka fremu ya mlango, na kopo la maji likaanguka kwa kishindo. Akakaa chini, anahema. Na pale alipokaa, mlango ukiwa wazi, mbele ya macho yake kulikuwa na nini? Ukumbi. Hatua thelathini, sakafu ya saruji, kivuli saa zote, na uko ndani ya nyumba ya eda. Nusu yake ni ya kwake. Lakini nusu hiyo ina friza bovu, masanduku na viti vya msiba, hata akiviondoa anabaki na hatua kumi na tano, anageuka, kumi na tano, anageuka, na kugeuka ndiko kunakomtia kizunguzungu. Ukumbi mzima ungemtosha. Alijua. Kilichotakiwa ni kumwita mwenzake na kusema maneno manne: Bi Mdogo, naomba nipite.

Ndugu zangu, maneno manne. Mguu wake upande mmoja wa mizani, maneno manne upande wa pili, na akaona mashine ya kutoka China ni nyepesi zaidi. Jioni ile akamwambia mwanawe kwamba kesho, Ijumaa, atampa jibu, na jibu lenyewe anadhani litakuwa ndiyo.

Alfajiri ya Ijumaa akasikia vitu vinaburuzwa upande wa magharibi. Akajua: Bi Mdogo anahama. Amewaita kaka zake, anabeba vyake kabla hata ya eda kwisha. Na nitasema ukweli, kitu kama furaha kilimpitia, kisha kitu kama baridi. Akajifunga kanga, akafungua mlango wa ukumbi.

Hakukuwa na kaka wala dada. Bi Mdogo alikuwa peke yake, mwanamke mwembamba kama mwiko, analisukuma kabati la vyombo ambalo walilileta wanaume wanne. Alikuwa amelowesha gunia, akalitia chini ya miguu ya kabati, na kabati likateleza juu ya saruji kama ng'ombe anayevutwa asikotaka. Mapipa ya mchele alishayaondoa. Cherehani alishaiondoa. Nusu yake yote ya ukumbi ilikuwa nyeupe, imefagiwa, imepigwa deki. Na ukutani, usawa wa kiuno, alikuwa amepigilia misumari na kuikaza kamba yake ya kuanikia nguo, msumari hadi msumari, kutoka mlangoni pake mpaka kwenye mstari mwekundu. Pale kwenye mstari kamba ilikuwa haijakatwa. Ilibaki nyingi, imekunjwa vizuri sakafuni, na juu yake nyundo na misumari kumi na miwili.

Mnaona adabu hiyo? Hakuvuka. Upande wa mwenzake hakupigilia hata msumari mmoja. Aliifikisha kamba pale inapoishia haki yake, iliyobaki akamwachia mwenyewe.

Bi Mkubwa akasogea mpaka kwenye mstari, akasimama. Bi Mdogo akakaa kwenye kizingiti chake, akavuta ungo wa maharage na kuanza kuchagua, macho chini.

"Mashine ile haina pa kushikia, Bi Mkubwa," akasema. "Utaanguka."

"Nani kakwambia habari za mashine?"

"Simu yako. Inasikika mpaka jikoni kwangu. Na jana nimesikia kishindo."

Bi Mkubwa akaitazama kamba. Akautazama mstari. Kiburi, ndugu zangu, kina njaa kuliko sisi, nacho kiliomba chakula chake cha mwisho.

"Na huko nikipita," akauliza, "napita kwa ruhusa ya nani?"

Bi Mdogo akatupa punje mbovu pembeni.

"Aliyekuwa akipita hapa ametangulia. Sasa hivi hakuna anayepita, sio wewe wala sio mie. Ukumbi huu unatungoja sisi, dada."

Dada. Miaka kumi na tisa, na neno hilo likatoka kama mtu anayekuomba umsogezee chumvi.

Bi Mkubwa akaikaza kanga yake. Aliinama, na kwake kuinama si kazi ndogo, akaokota nyundo na misumari. Akasogeza viti na masanduku, friza akaliburuza juu ya gunia lile lile, akaivuta kamba upande wake, msumari mmoja mmoja, akihema, huku mwenzake anachagua maharage. Alipomaliza, kamba ilikuwa moja, kutoka mlango hadi mlango. Akaishika, akatembea. Alipofika kwenye mstari mguu ukasita, ule ule wenye ganzi. Kisha ukapita. Akafika kwenye kizingiti cha magharibi, akageuka taratibu, kamba mkononi, akarudi. Bi Mdogo akachukua harage moja, akalitia kwenye sufuria tupu. Tik.

"Hilo la nini?" akauliza Bi Mkubwa.

"Nahesabu. Safari moja, harage moja. Na ndicho chakula chetu cha jioni, kwa hiyo kazi kwako."

Siku hiyo yalipatikana maharage tisa. Nimeyaona. Walikula wawili, tisa kwa wawili, na Bi Mkubwa akalalamika kwamba mwenzake amechukua matano.

Baada ya swala ya Ijumaa mwanawe alikuwa amepiga simu. Muuzaji anangoja. Mama ameamuaje?

"Mwambie aiuze," Bi Mkubwa akasema. "Nimeshapata yangu. Ndefu kuliko hiyo, haili umeme, haiulizi kilo, na ina pa kushikia."

"Umenunua wapi, mama?"

"Kwa mke mwenzangu."



Eda ilipomalizika, yale maharage hayakuenea tena kwenye sufuria ile, wakachukua ya pilau. Daktari akachoma unyayo kwa kijiti, na Bi Mkubwa akauvuta mguu akamwambia, "Taratibu, mwanangu, mimi si mto wa sindano." Kidole kipo. Kucha ilitoka, kidole kipo. Sisemi sukari imepona, sukari haiponi kwa hadithi yangu, na dawa bado anakunywa. Na siku walipotoka eda, watu wamejaa nje na udi umewashwa, milango yote miwili ikafunguliwa, wakangojwa, hawatokei. Mwanamke mmoja akaingia kuwaangalia. Walikuwa ukumbini. Bi Mkubwa alikuwa amebakiza safari nne.

Sasa tuseme na sisi wenyewe. Sijasema mashine ni mbaya. Mwenye nayo atembee, na Mungu ampe afya. Nasema tuulizane tunanunua nini hasa tunaponunua. Wangapi tumenunua jenereta ili tusimwombe jirani waya? Wangapi tumechimba kisima ili tusisimame kwenye bomba moja na ndugu yetu? Tunapiga hatua kila siku, tunatoka jasho, na tukizima mashine tuko pale pale tulipowashia. Na yule tunayemkimbia amekaa kizingitini pake, amefagia, amepiga deki, kamba ameikunja vizuri anatungoja tuokote nyundo. Nani kati yetu ataondoka hapa leo akipitia mlango wa mtu?

Nenda. Maneno ni manne tu. Na ukishindwa kuyasema, Bi Mkubwa naye hakuyasema. Alitembea.

Kabla sijawaachia, nina deni la ukweli kwenu. Yote niliyosema ni kweli tupu, gunia, kamba, na yale maharage tisa, ila kitu kimoja nimekitia mimi ili mpate kuona vizuri. Ule mstari mwekundu. Sakafu ya ukumbi ule ni saruji tupu, kuanzia mlango huu hadi mlango ule. Hapakuwa na mstari wowote. Miaka kumi na tisa, na hakuna kati ya wale wawili aliyeuvuka.