Swali la Arobaini na Moja

Wapendwa, kaeni. Na yule anayechezea simu kule nyuma aiweke mfukoni, maana mfano wa leo una kompyuta ndani yake, asije akadhani namsema yeye.

Palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta katika hospitali ya wilaya. Wilaya gani? Wilaya ya kichwani mwangu. Nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo mzee wetu unayefanya kazi hospitali usinikodolee macho, si wewe.

Hospitali hiyo ilikuwa na kompyuta kuukuu chungu nzima, kila wiki moja inakata roho. Wakubwa wakachoka. Ikaletwa mashine moja kubwa yenye nguvu, wenyewe wanaiita seva, pamoja na programu ya kuigawa. Wataalamu mlioko humu mnivumilie, nawaeleza bibi zangu hapa mbele. Programu ile inaichukua mashine moja na kuifanya kama mashine nane. Ya mapokezi, ya maabara, ya duka la dawa, kila moja inajiona iko peke yake duniani. Ni kama nyumba ya kupangisha: paa ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake. Tumeelewana, bibi? Haya.

Sasa nyumba kama hiyo haikabidhiwi mtu hivi hivi. Mganga mkuu akamwita fundi wetu, mtu mzima mwenye mke na watoto, akamwambia, "Fundi, kafanye mtihani wa programu hii, uje na cheti. Ukikipata, chumba cha seva ni chako." Akampa miezi mitatu ya kujisomea. Akampa na mashine moja ya zamani ya kujifunzia, aivuruge na kuitengeneza mpaka mkono uzoee.

Miezi mitatu! Unajua alifanya nini? Mashine ile aliifunika kitambaa. Rafiki yake aliyefaulu mwaka wa nyuma alimtumia kwenye simu maswali mia mbili ambayo hurudi rudi kwenye mtihani ule, pamoja na majibu yake. Mtihani wenyewe ni wa kuchagua, A, B, C, D. Fundi akayachapisha, akayakariri kwa siku tisa. Sisemi aliyaelewa, nasema aliyakariri. Ungemwamsha usingizini ukamwambia "swali la kumi na saba," angekujibu "B" na kugeukia ukutani. Chekeni, chekeni tu. Tutafika na kwenu.

Akafaulu. Tisini na nne kwa mia! Wakampigia makofi kwenye kikao cha asubuhi, soda zikanywewa, cheti kikatiwa kwenye fremu. Na kichwa kikamvimba kidogo. Akasimama mbele ya wenzake akasema, "Daktari, karatasi za nini tena hospitalini? Tuzikomeshe. Kila kitu kiko salama kwenye seva." Zikakomeshwa.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana shida yote iko hapa. Programu ile ina uwezo wa kupiga picha. Si picha ya sura, ni picha ya mashine jinsi ilivyo dakika ile, ili ukiivuruga wakati wa kuitengeneza uweze kuirudisha ilivyokuwa. Kazi yake ndiyo hiyo, basi. Fundi wetu akawa anapiga picha hizo kila Ijumaa, halafu anamwandikia mganga mkuu: nakala za akiba zipo. Na mganga mkuu anatia sahihi. Cheti si anakiona ukutani?

Jumatatu moja asubuhi umeme ulikatika. Ukarudi kwa kishindo, ukakatika, ukarudi tena. Chumba cha seva kikatoa harufu ya kuungua, na diski zote za mashine ile zikafa. Paa lile moja likaanguka, wapangaji wote wanane wakiwa chini yake.

Asubuhi hiyo hiyo alifika mama mmoja muuza maandazi. Alikuwa amekatwa kinyama kidogo kwenye titi, kikapimwa maabara, na Ijumaa jioni majibu yakaingizwa kwenye mashine. Aliambiwa aje Jumatatu asomewe. Amelala siku tatu na neno moja tu moyoni: ni ugonjwa ule au siyo? Mnajua usiku wa namna hiyo unavyokuwa mrefu. Wengine humu mmeulala.

Fundi akamkuta dirishani. "Mama, kuna tatizo dogo la mtandao."

Uongo! Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Lakini sisi tukiona aibu, wa kwanza kusingiziwa ni mtandao.

"Haya, baba," mama akasema. "Nitasubiri." Akakaa kwenye benchi, akaweka mkoba wake magotini.

Ndani, mganga mkuu akamwambia fundi, "Usihangaike basi, rudisha kwa zile nakala za akiba."

"Daktari, nakala ndizo zile picha."

"Ziko wapi?"

"Humo humo."

"Humo humo wapi?"

"Kwenye seva iliyoungua."

Mganga mkuu akavua miwani. "Waliokupa cheti hawakukwambia kwamba hazitoshi?"

Fundi akasema haraka, "Hawakuniambia, daktari. Wala kwenye mtihani halikuwamo."

"Basi niletee karatasi ulizosomea. Waliokupa cheti ndio waliotuponza. Tutawaandikia barua."

Fundi akaenda kwenye droo yake, akazitoa karatasi zile za maswali mia mbili, akaanza kupita kwa kidole swali moja moja. Na anaomba, jamani. Mtu anamwomba Mungu swali lisiwemo! Ameshawahi kuomba hivyo mtu humu ndani? Kwamba ee Bwana, nijalie nisiwe nimewahi kuambiwa?

Swali la arobaini na moja. Je, picha ya mashine inatosha kuwa nakala ya akiba? A, ndiyo, ikipigwa kila wiki. B, ndiyo, mashine ikiwa mpya. C, ndiyo, kama umeme ni wa uhakika. D, hapana, kwa sababu inakaa mahali pamoja na mashine yenyewe.

D ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Wino wake. Mkono wake. Pembeni ameweka na alama ya vema, ile aliyokuwa ametia baada ya mtihani kwa kila swali lililotoka.

Alikuwa amelijibu! Amelipata! Katika zile tisini na nne, na hilo limo. Akaikunja karatasi ile mara ya kwanza, akaikunja mara ya pili, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Angeweza kuichana, nani angejua? Lakini dirishani alimwona yule mama bado yuko kwenye benchi, mgongo wima, anangoja mtandao.

Akatoka, akamwendea.

"Mtandao umerudi, baba?"

"Mama, hapakuwa na tatizo la mtandao. Majibu yako yamepotea. Mimi ndiye niliyeyapoteza."

Mama akauliza, "Si mpime tena kile kinyama?"

"Kilikuwa kidogo, mama. Chote kilitumika kwenye kupima."

"Kwa hiyo nikatwe tena."

"Ndiyo, mama."

Akavuta kanga yake juu ya kifua. "Mimi hati ya kiwanja changu, nakala yake naiweka kwa dada yangu. Shule sikwenda, lakini najua nyumba huungua. Wewe mwanangu uliyesoma, hukujua?"

"Nilijua, mama. Niliulizwa kwenye mtihani, nikajibu vizuri. Ni D."

Mama akamtazama, wala si kwa hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. "D ndiyo nini, mwanangu?"

 Fundi akakaa pale pale sakafuni, miguuni pa mama muuza maandazi, na karatasi yake mkononi, na wagonjwa wanampita.

Nawaona. Kuna anayemhurumia mama, na kuna anayesema moyoni mwake fundi yule afukuzwe leo leo. Ngojeni kwanza.

Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi wetu, tulikuwa na mashindano ya maswali ya Biblia, wazee na vijana. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Swali la mwisho mnalikumbuka? Bwana wetu anasema alikuwa mgonjwa. Je, wale waliobarikiwa walimfanyia nini? Wazee walipiga meza hata sijamaliza kusoma! Walikwenda kumtazama, mchungaji! Na sura wakataja, na aya wakataja. Vijana nao wakalalamika kwamba walikuwa wanalijua. Kanisa zima lilikuwa linalijua. Nikawapa wazee alama, nikawapa na chupa ya chai ya zawadi, tukapiga picha.

Sasa tazameni hapa madhabahuni. Mnayaona haya maua? Yaguseni, yanalia kama majani ya mahindi makavu. Yako hapa Jumapili ya tatu leo. Mama anayetupangia maua, miaka kumi na moja bila kukosa, yuko kitandani wiki ya tatu. Mlijua? Mimi sikujua. Jumapili tatu nimesimama hatua mbili kutoka kwenye maua haya, nahubiri kwa sauti kubwa, sikujiuliza. Leo asubuhi ndipo aliponiambia yule mama muuza mboga pale getini, ambaye wala si wa kanisa letu. Akaniuliza, "Baba mchungaji, mgonjwa wenu anaendeleaje?" Nikamjibu, "Anaendelea vizuri." Nikamjibu hivyo, wapendwa! Nimevaa kanzu, nimeshika Biblia, na sijui hata ni mgonjwa gani. Ikabidi nirudi hatua tatu, nimwulize kwa aibu, "Samahani mama, ni nani huyo?"

Basi hayo ndiyo yangu. Sisi tuna cheti cha ubatizo, tuna cha kipaimara, tuna cha ndoa, vyote viko sebuleni kwenye fremu. Swali tuliulizwa tangu utotoni, na jibu letu ni sahihi, limezungushiwa wino mwekundu. Hatuwezi kumwambia Bwana kwamba halikuwamo kwenye mtihani. Na siku mgonjwa akituuliza jibu letu ndilo nini, tutakaa sakafuni wote, na mimi nikiwa wa kwanza.

Leo sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Tukimaliza wimbo nitavua kanzu hii, nitakwenda kumwona mama yetu. Anayetaka aje. Ila naomba mmoja wenu anyooshe mkono anionyeshe njia, maana mimi, mchungaji wake wa miaka sita, nyumba yake siijui.

Kwaya? Yeye ni wa kwaya yenu.

Wazee wa kanisa? Ninyi wa chupa ya chai?

Hakuna.

Haya. Tutapita getini, tumwulize yule mama wa mboga.