Kidole cha Ambokile

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime, maana mimi nikikatizwa husahau, na nikisahau hukasirika. Hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina watu watatu wa Tukuyu, timu moja ya mpira na jezi moja. Kusimulia ni kazi yangu, kuamua ni kazi yenu.

Timu iliitwa Majani Mabichi, kwa kuwa nusu ya wachezaji wake walikuwa wachuma chai. Wapinzani waliwaita mbogamboga. Ndani ya timu hiyo walikuwemo watu watatu waliojaliwa, kila mmoja na chake.

Wa kwanza ni Ambokile, kipa namba moja. Huyu alijaliwa mikono. Mpira ukitua mikononi mwake ndiyo umefika nyumbani. Alikuwa na miaka thelathini na minne, magoti yameanza kulalamika, lakini mikono haikuwa na habari ya uzee. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi kipa wa akiba, tangu namna ya kuanguka bila kuumia bega.

Wa pili ni huyo kipa wa akiba, Lusekelo. Yeye alijaliwa macho. Miaka sita alisugua benchi, na benchini hakukaa bure: aliwatazama wapiga penalti wa kila timu. Mazoezini kazi yake ilikuwa kuwaigiza. Anarudia hatua zao, anainamisha bega kama wao, anapiga wanakopiga, ili Ambokile awazoee. Wenzake walicheka hadi kukaa chini. Hakuna aliyemuuliza kama naye angependa kusimama golini. Walimwambia subira yavuta heri. Mwenyewe aliona yake inavuta mvi tu. Kila mechi alirudi nyumbani na jezi safi, mama yake akakosa cha kufua, na hilo lilimuuma kuliko kufungwa.

Wa tatu ni Subilaga, muuguzi wa timu. Alijaliwa ulimi. Si ulimi wa maneno mengi, la, ulimi wa kweli. Mchezaji wake mwenyewe akijiangusha kupoteza muda, Subilaga anamwambia mwamuzi: mzima huyu, aamke. Mwenyekiti alishaambiwa mbele ya watu kwamba kitambi chake ni cha bia. Akishasema yeye, hata wapinzani hawabishi.

Basi ikaja fainali. Mshindi anapanda daraja, anayeshindwa anarudi kwenye majani yake.

Dakika tisini Ambokile alidaka kila kilichokuja, cha juu, cha chini na cha usoni. Zikaongezwa dakika thelathini. Wenzake walikuwa hoi, wanaburuta miguu, na mikono ile ikaendelea kudaka. Bila kwa bila.

Kwenye mapumziko mafupi Lusekelo aliwahesabu watu wa upande wa pili. Wapiga penalti wao wote watano walikuwa bado uwanjani, na wote watano alishawahi kuwa wao. Akamwendea Kocha Mwaisumo, akamwomba aingie kwa ajili ya penalti. Kocha hakugeuza hata shingo. Alisema kipa ambaye hajafungwa hatolewi, afanye hivyo halafu wakose, akaishi wapi? Lusekelo akarudi kukaa. Ambokile, aliyekuwa akinywa maji pembeni, alisikia yote.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, Ambokile aliufuata mpira mwepesi, akauangukia, akabaki chini ameshika kidole. Subilaga akakimbia. Akamvua glavu, akakipapasa kidole pingili kwa pingili. Akakawia. Kisha akainuka, akamwambia kocha:

"Kimevunjika. Hawezi kuendelea."

Kocha hakuuliza mara mbili. Nani angembishia Subilaga?

Lusekelo akaingia. Penalti ya kwanza aliisoma begani kabla haijapigwa, akaitoa. Ya tatu aliisoma kwenye hatua, akaitoa. Majani Mabichi wakapanda daraja, na yeye akabebwa juujuu akiwa tope tupu. Mama yake alifua jezi ile akiimba.

Jamani, laiti ningeishia hapo.

Siku ya tatu kamati ilikaa. Katika ligi hiyo ya juu, wakasema, fedha zinatosha makipa wawili, na mmoja ameshaletwa kutoka mbali. Imebaki nafasi moja. Ambokile ni mzee na kidole kimevunjika, apewe mkono wa kwaheri na cheti. Lusekelo aje kesho asaini.

Lusekelo hakufurahi hata kidogo. Alitoka mbio kwenda kumpa pole mwalimu wake, akamkuta shambani, kule mlimani, anachuma chai. Anachuma kwa mikono miwili, vidole vyote kumi.

"Kaka. Kidole?"

Ambokile alijitazama mkono, akauona umechelewa kufichwa.

"Hakikuvunjika," alisema. "Penalti zile zilikuwa zako, mdogo wangu. Mimi ningebahatisha moja. Na mzima nisingetolewa."

"Na dada Subilaga?"

"Alikigusa akakikuta kizima. Nikamwambia, dada, yule anawajua wote watano. Akanitazama weee, kisha akainuka."

Hapo ndipo Lusekelo alipomweleza ya kamati. Ambokile hakuwa na habari. Alisikiliza, mikono ikiwa bado kwenye majani, halafu ikasimama.

"Mimi nilikuachia penalti," alisema polepole. "Sikukuachia kazi."

Wakalia wote wawili, watu wazima, katikati ya chai. Alipopata sauti, Ambokile alimkataza kusema. Akisema, Subilaga atafukuzwa, na hakuna atakayemwamini tena. Yeye mwenyewe kocha hatamsamehe, na badala ya kuitwa mzee ataitwa mwongo. Lakini aliyasema hayo ametazama pembeni, na Lusekelo hakujua kama ni moyo wake unaosema au ni aibu.

Asubuhi yake Subilaga alikuwa mlangoni mwa ofisi. Lusekelo alimsalimu, akashindwa kumtazama. Subilaga akamwambia kwamba uongo mmoja ameshausema maishani, ameusema kwa ajili ya timu, na wa pili hana. Wakimuuliza atasema kweli na liwalo na liwe. Ila hawamuulizi, na kwenda kujitangaza amejaribu mara mbili, miguu imekataa.

Ndani, katibu alikuwa ameshaweka karatasi mezani, na jezi namba moja juu ya kiti. Jezi ile Lusekelo aliiota miaka sita. Alikuwa anaitaka, msije mkamwona malaika. Aliitaka hata wakati machozi yanamlenga. Akashika kalamu. Akalisoma jina lake mara mbili, na katibu akacheka, akadhani ni furaha.

Hapo mimi namwacha. Bila mikono ya Ambokile, timu isingefika kwenye penalti. Bila macho ya Lusekelo, isingetoka salama kwenye penalti. Bila ulimi wa Subilaga, macho yale yangebaki benchini. Ukimwondoa mmoja, wote watatu wako shambani leo.

Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa muda wote, anza wewe. Jezi ile ni haki ya nani? Lusekelo asaini anyamaze, au aweke kalamu chini, aseme kweli na kuwaharibia wawili waliompenda? Ungekuwa wewe pale mezani, ungefanyaje? Na ukishaamua, useme pia nani ataupanda mlima kwenda kumwambia Ambokile.