Kifuniko Kisicho na Kufuli

Hapo kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na kamati nyingi kuliko mashamba, Nguchiro alisimama jioni moja kando ya mfereji, akayatazama maji yakiingia kwenye kunde. Yalipofika shina la mwisho, aliuziba mfereji kwa tope, akanawa miguu, akaenda kulala. Ilikuwa jioni kama jioni nyingine.

Kunde zile zilipandwa na mkewe, Siwatu. Alizipanda, akazipalilia mara moja, kisha akaugua, akafa kabla hazijatoa ua. Nguchiro hakuwa msemaji wa mambo hayo. Alimwagilia tu.

Asubuhi alipouzibua, mfereji ulikuwa mkavu, na siku ya tatu ulikuwa mkavu bado.

Maji ya bonde lile yalitoka kwenye mtambo wa wote: gurudumu kubwa lenye vibuyu, lililochota mtoni na kumimina kwenye mifereji, chubwi-mwaa, chubwi-mwaa, usiku na mchana. Wanyama waliujenga pamoja, kila mmoja kwa alichokuwa nacho, wakaufunika kwa sanduku la mbao lenye kifuniko kizito. Kifuniko hakikutiwa kufuli. Hiyo ndiyo sheria yao, na waliiringia mbele ya wageni: yeyote afungue, atazame, aulize, atengeneze, kisha awaambie wenzake alichofanya.

Lakini juu ya kifuniko hicho aliketi Mzee Kiboko, mwenyekiti wa kamati ya mtambo. Aliketi pale kwa sababu palikuwa na kivuli, na pia kwa sababu mwenyekiti asipokalia kitu, atajulikanaje?

"Shikamoo, mzee," akasema Nguchiro.

"Marahaba. Umekuja na swali."

"Umejuaje?"

"Wewe huji na ndizi."

"Mtambo umenyamaza, mzee. Nimekuja tutazame ndani."

Kiboko akapiga mwayo, ndege wakaruka ng'ambo. "Ndani kumetazamwa. Mtambo huu uko wazi, bwana! Bonde zima lina macho. Macho mangapi hayo?"

"Mengi. Ila lililotazama ni jicho la nani?"

"La... la wote."

"Lako?"

"Mimi ni mwenyekiti. Alitazama katibu."

Nyati, katibu, aliyekuwa akicheua pembeni, akapaliwa. "Kho! Kho! Mimi? Mimi nilijua Bi Kanga ametazama. Bi Kanga hupenda kudonoadonoa mambo."

"Ebo! Usinisingizie!" akalia Bi Kanga kutoka kichakani. "Mimi nilijua wakubwa wametazama. Mtu mzima atakalia kitu asichokijua?"

Nzi akapita, vuuu.

"Basi," akasema Kiboko, "imekubalika kwamba ndani kumetazamwa. Huu ni ukame."

"Ukame? Na mto umejaa mpaka kwapani mwako ukioga?"

"Nguchiro! Maswali yako ndiyo yanayouchosha mtambo. Kila siku, hiki cha nini, kile kinaendaje. Wenzako wanatumia, wewe unauliza! Nenda nyumbani. Tutaunda kamati ndogo."

Nguchiro akaenda nyumbani. Kunde zilikuwa zimeanza kukunja majani. Akashika jani moja, likavunjika vidoleni. Hazitaifikia kamati ndogo, akajisemea.

Kukiinua kifuniko kulitaka pembe za Nyati, na kabla ya pembe kulitaka makalio ya Kiboko yaondoke. Kuomba alikwisha omba. Akawaza njia nzima, akarudi.

Safari hii hakuomba kitu. Alijilaza ubavuni mwa sanduku, akabandika sikio kwenye ubao, akatulia. Kisha akacheka, "Kwi! Kwi-kwi-kwi!"

Kiboko akafumbua jicho moja. "Unacheka nini?"

"Si kitu, mzee. Lala."

Sikio likarudi ubaoni. "Hee! Kumbe!"

"Kumbe nini?" akauliza Nyati, akaacha kucheua.

"Mambo ya humu ndani tu, katibu. Si mlikwisha tazama? Mnayajua."

"Tunayajua," akasema Kiboko haraka.

"Bila shaka." Nguchiro akasikiliza tena, akashika kichwa. "Loo! Mpaka Nyati? Na mzee naye? Mtu na heshima zake!"

"Mimi nimefanya nini?" Nyati akapiga kwato.

"Lakini unayajua, katibu."

"Nayajua, ndiyo, nayajua yote. Nimesahau tu ni yapi."

Udadisi, watoto wangu, ni kama upupu. Ukimpata mtu, hata awe na ngozi ya kiboko, atajikuna. Mzee akageukia huku, akageukia kule, kifuniko kikalia chini yake. Mwisho akakohoa kwa sauti ya kikao.

"Nyati, naona umefika wakati wa kamati kuthibitisha ilichokwisha thibitisha."

Akateremka, puu! Nyati akachomeka pembe chini ya kifuniko. Kreee!

Wote wakachungulia, hata Bi Kanga akatoka kichakani.

Gurudumu halikuonekana. Lilikuwa limezungushiwa kamba juu ya kamba, kama mguu uliovunjika ukafungwa na kila mganga aliyepita njia. Kila lilipolegea kidogo, mtu alikuja, akapitisha mkono kwenye tundu la pembeni, akakaza kamba yake juu ya kamba ya mwenzake, akaenda zake akijisifu kwamba ametengeneza. Hakuna aliyeuliza ya chini inashika nini.

"Hii ya matete ni ya nani?" akauliza Nguchiro.

Kiboko akatazama mawingu.

"Na hii ya singa za mkia?"

Nyati akakumbuka kwamba ana kikao mahali.

"Kumbe sanduku lilisema nawe kweli!" akanong'ona Bi Kanga.

"Mimi nilisikia ubao tu, mama," akasema Nguchiro, akaingia ndani.

Kila kamba aliivuta, akalisukuma gurudumu, akatazama. Isiyoshika kitu aliifungua. Chini kabisa mkono wake ukagusa kipande cha kitambaa cha samawati, kimepigwa fundo mara mbili. Alilijua fundo lile. Hata kamba za kapu lake la mboga, Siwatu alizifunga hivyo hivyo.

Bi Kanga akakitambua kitambaa. "Hicho kiache, baba. Ni cha marehemu."

Nguchiro akakivuta. Akalisukuma gurudumu mbele, akalirudisha nyuma, akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kamba nyingine.

"Hakishiki kitu," akasema. "Nacho kinabana."

Akalifungua fundo kwa meno, taratibu, asichane kitambaa.

Chubwi. Chubwi-mwaa. Chubwi-mwaa! Jua lilipotua, maji yalikuwa yamezifikia kunde zote.

Jioni ile Kiboko alitangaza kwamba kazi ya kutazama ndani imeanzishwa rasmi na kamati, chini ya uongozi wake. Akapigiwa makofi. Nguchiro naye alipiga.

Asubuhi iliyofuata Nguchiro alikwenda mtamboni, akamkuta mwenyekiti amekwisha panda juu ya kifuniko.

"Shikamoo, mzee. Shuka kidogo."

"Umeharibika tena?"

"La. Unakwenda vizuri."

"Sasa tunafungulia nini?"

"Tutazame unavyokwenda vizuri."

Kiboko akanung'unika, akashuka. Nyati akaleta pembe, na Nguchiro akaingia ndani.

Kilicho wazi kwa wote, kisipotazamwa na yeyote, hakina tofauti na kilichofungwa.