Waziri wa Shibe na Kamba ya Njaa

Kisa hiki ni cha mwituni, tena mwitu wa mbali, kwa hiyo mtu asije kuniuliza nimemsema nani.

Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha. Nyasi zilikauka, soko likadoda, na Mama Digidigi, aliyekuwa na mtoto mchanga, maziwa yakamkauka. Kunde za akiba zilikuwamo ghalani kwa mfalme, lakini ghala halikufunguliwa mpaka njaa itangazwe. Njaa nayo ilikuwa na kipimo chake tangu enzi za mababu: kamba ya mfalme huzungushwa kwenye tumbo la raia mmoja. Ncha zikikutana, nchi ina njaa. Zisipokutana, nchi imeshiba.

Raia wakaenda barazani kuomba kamba itolewe. Simba, ambaye hakutaka neno njaa litajwe katika utawala wake, alinguruma, "Waziri wangu wa Shibe, hawa wanalalamika nini?"

Fisi akasimama, funguo za ghala zikining'inia shingoni. "Mtukufu, njaa hakuna. Kuna shibe iliyochelewa kidogo njiani. Misitu ya jirani ina hali mbaya zaidi! Kule wanakonda ovyo ovyo. Sisi tunakonda kwa mpango."

"Basi nipimeni mimi," alisema Mama Digidigi.

"Wewe? Wewe ulizaliwa mwembamba, utatutia aibu bure! Kipimo cha taifa ni tumbo la kiongozi. Kesho asubuhi nitajitolea mwenyewe."

Jioni Sungura alipita nyuma ya ghala akasikia kru, kru, kru. Akachungulia. Waziri alikuwa anabugia kunde kavu kwa viganja viwili, ili kesho tumbo lisizungukike. Sungura alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akatimka kisimani kujaza mtungi.

Asubuhi kamba ikazungushwa. Ncha hazikukutana ng'o.

"Mmeona?" Fisi akatamba. Simba akatikisa manyoya yake kwa furaha.

Sungura ndiye aliyepiga makofi kuwashinda wote. "Hongera, Mheshimiwa! Tumbo kama hili halikai na kiu. Karibu maji."

Kunde kavu zilikuwa zimemkausha koo Fisi, hata hakufikiri. Akaugida mtungi wote. Hapo hapo Sungura akaanzisha ngoma, na waziri akaingia uwanjani kucheza.

Sasa, kila mpishi anajua kunde ikilowa inafanya nini. Tumbo likaanza kupanda.

"Uchumi unakua!" akaimba Sungura.

"Unakua!" wakaitikia raia, miguu ikitimua vumbi.

"Ba... basi, jamani," Fisi akahema.

"Usijidharau, Mheshimiwa! Unakua!"

"Unakua!" Hata Simba akajisahau, akaitikia kwa sauti ya kutikisa miti.

Fisi akatoa mlio mmoja wa nyuma ambao sitausimulia, kwa kuwa mna wageni. Akatoa wa pili. Mwishowe akaachama, na kunde zikamwagika miguuni pa mfalme, nzima nzima, zimeumuka vizuri kabisa.

Simba akainama, akanusa. "Hizi ni kunde za ghala langu."

"Mtukufu," Fisi akalia, "nilizihifadhi mahali salama!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mama Digidigi, ambaye hakuwa hata na nguvu za kucheka, alicheka mpaka akaanguka chini. Mtoto wake akadhani ameitwa kunyonya, akanyonya, asipate kitu, akaanza kulia. Kicheko kikakatika.

Simba akaona haya. "Mpimeni mama huyu," alisema, tena kwa upole.

Ncha za kamba zilikutana, zikapitana mbali. Njaa ikatangazwa, ghala likafunguliwa wazi, na Fisi akavuliwa funguo na uwaziri. Akapewa kazi ya kubeba kunde mlango kwa mlango, akianzia kwa Mama Digidigi, mdomo umefungwa kwa kamba ile ile ya mfalme.

Nanyi mkubwa akija kuwaambia nchi imeshiba, kabla hamjampigia makofi, muulizeni amepima tumbo la nani.