Uzi Uliopita Sikioni mwa Simba

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo hata ukungu ulibisha hodi kabla ya kupita, msitu mzima uliunganishwa kwa nyuzi za Buibui. Ukinong'ona uzini huku mlimani, ziiii, mwenzako anakusikia kule bondeni. Msiniulize ilikuwaje, nami nilihadithiwa tu.

Siku moja Simba akasikia kicheko uzini.

"Manyoya yake ya shingoni yananyonyoka! Kwi kwi kwi!"

"Kateni nyuzi zote!" akanguruma.

Kacha! Kacha! Msitu ukawa kimya, hata ungesikia jani likidondoka.

Sange, yule mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu, aliumia sana. Mama yake mzee aliishi bondeni kando ya mto, mwendo wa siku tatu, na mawingu meusi yalikwisha kuulalia mlima. Nani angemwambia ahame?

Akakimbilia kwa Simba, tipu tipu tipu.

"Shikamoo, mfalme. Mbona unajichosha? Chui wa ng'ambo hakati hata uzi mmoja."

"He! Anawaacha wamseme?"

"Thubutu! Nyuzi zote zinapita sikioni mwake. Nawe fanya hivyo, tena uamuru kila ujumbe uanze kwa kukusifu. Asiyesifu, mkamate!"

Simba akachekelea hadi magego yakaonekana. "Kumbe una akili, mjukuu wangu!"

Buibui akafunga nyuzi upya, zote zikapitia sikio la Simba. Sange akawa wa kwanza kuushika uzi.

"Ewe Simba wa fahari," akaanza, polepole, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "manyoya yako ni jua la asubuhi... ngurumo yako yawalaza vifaranga... usingizi wako ni amani yetu..."

Jicho moja la Simba likajifumba. La pili likafuata. Khoooo! Khoooo!

"...na mama, mafuriko yanakuja! Panda kilimani sasa hivi, uwaambie na majirani!"

"Nimesikia, mwanangu," uzi ukajibu.

Mvua ikashuka, mto ukafura. Bondeni maji hayakumkuta mtu. Lakini nyumba ya Simba ilikuwa ukingoni mwa mto uleule, huku juu mlimani, naye akaamka maji yamemfika kidevuni, manyoya yake ya mwisho yakielea mbele yake.

"Mbona hamkuniambia?" akalia.

Sange alikuwa juu ya mwamba, mkavu.

"Tulikwambia, mfalme. Habari ilipita sikioni mwako, nyuma ya sifa zako."

Basi wanangu, anayetaka kusikia sifa tu, onyo humpita akiwa amelala.