Kocha Chande na Fomu Ambayo Hakuna Aliyeijaza

Hii isome mpaka chini kabisa ndipo umtumie mwenzako. Ukiishia katikati utadhani kocha ndiye mwenye haki.

Mtaa mmoja nyuma ya stendi ya zamani kulikuwa na kocha anaitwa Chande. Anafundisha netiboli watoto wa kike, bure kabisa, hapewi hata soda. Mchana anachomelea mageti, jioni anapuliza filimbi kwenye uwanja wa kata.

Sasa maveterani wa mpira nao wakautaka uwanja huo huo, jioni hiyo hiyo. Mtendaji wa kata akasema hataki kelele. Kocha alete orodha: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, na mzazi awe amekubali. Wakifika ishirini na tano kabla ya Ijumaa saa sita mchana, jioni inabaki ya watoto. Akipungua hata mmoja, wanapewa maveterani.

Chande hakuwa na wasiwasi. Watoto anao mpaka wanamzidi.

Kwanza akajaribu grupu la watsapu la wazazi. Unajua mwenyewe inavyokuwaga. Mmoja anaandika orodha, mwingine anakopi, anaongeza jina la mwanawe, anarudisha. Wakakopi wawili kwa mpigo, wa saba akapotea. Wa saba akarudishwa, akatoka wa tisa. Kufika jioni kuna orodha sita na hakuna hata moja iliyokamilika, na hapo katikati kuna mtu katupia tangazo la kuku wa kienyeji.

Kocha akachoka. Akaangalia video mbili, akakaa na simu yake, akatengeneza fomu ya bure ya mtandaoni. Nzuri, ina mpaka picha ya mpira. Akaijaribu kwake ikafunguka fresh. Jumatatu asubuhi akakopi linki, akaimwaga kwenye grupu: gusa hapo, jaza, dakika mbili tu.

Siku ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Tiki za bluu zimejaa, wote wameona, hakuna aliyejaza.

Baba Semeni wa bodaboda akaandika kwamba kwake inamletea maneno ya Kizungu tu. Kocha akamjibu bando lako limeisha hilo. Mama Zaituni, anayekaanga mihogo pembeni ya uwanja, akamwambia taratibu kwamba hicho kitu kinagoma, kwa nini asiweke daftari pale mezani kwake, kila mzazi akipita aandike. Kocha akacheka kile kicheko cha puani. Akasema hayo mambo ya kizamani, timu siku hizi inaendeshwa kidijitali, na simu isiyofungua linki ni simu ya kubadilishwa.

Alhamisi bado sifuri. Povu likamtoka. Akarekodi voisi ya dakika nne, na wenye mtaa wanaikumbuka mpaka leo:

"Nyie ikija michango ya harusi mnajaza majina mpaka ya marehemu. Mtoto wako mwenyewe acheze, dakika mbili zinakushinda. Uwanja ukienda msinitafute."

Wazazi watatu wakatoka kwenye grupu pale pale.

Ijumaa saa nne na nusu asubuhi kocha akaenda moja kwa moja mpaka kwenye karai la Mama Zaituni. Alitaka ajaze mbele yake, amsimamie, aone aibu.

"Toa simu, mama. Jaza hapa hapa nikuone."

Mama Zaituni akafuta mikono kwenye kanga, akampa simu. "Jaza wewe, kocha. Mie si mshamba."

Chande akagusa linki. Ikazunguka, ikazunguka. Fomu wapi. Simu ya mama ilikuwa imewekwa Kiswahili, kwa hiyo maneno aliyasoma vizuri tu: huna ruhusa, omba ruhusa kwa mwenyewe.

"Umebonyeza nini humu?"

"Sijabonyeza kitu. Ndivyo inavyosema toka Jumatatu. Nimeomba mara tano, inaniambia nisubiri mwenyewe atajibu." Akageuza muhogo. "Huyo mwenyewe ni nani, kocha? Maana hajibu."

Chande akaisoma tena ile sentensi. Mwenyewe ni yeye. Maombi yanaenda kwenye imeli yake, na imeli yake hajawahi kuifungua tangu azaliwe. Aliyeitengeneza ni muuza simu, siku ile anainunua, haraka haraka, kwa sababu simu ilikuwa inaidai. Tangu hapo kile kibahasha kwenye kioo anakipita tu, na namba nyekundu juu yake.

Akakigusa.

Maombi sitini na tatu, yamepanga foleni. Baba Semeni peke yake kaomba mara kumi na moja. Wengine walikuwa wameambatanisha ujumbe. Mama yake Hidaya: "Kocha, kama kuna mahali nimekukosea nisamehe, nifungulie, mtoto analia." Mwingine, wa juzi yake tu: "Kama hamumtaki mwanangu si mngesema."

Kumbe linki aliyoituma ni ile ya kutengenezea fomu, siyo ya kujazia. Kwake ilifunguka kwa sababu ni ya kwake. Wazazi wote wa mtaa ule walikuwa wamemgongea wiki nzima, na yeye anawarekodia voisi.

Akatuma linki ya kweli, saa tano kasoro. Waliokuwa na simu mkononi wakajaza. Lakini Baba Semeni yuko barabarani na abiria. Mama Hidaya anafanya kazi kwa watu ambako simu inaachwa getini. Na wale watatu waliotoka kwenye grupu hawakuona kitu. Kocha akaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa miguu, jua linamchoma, milango mingi imefungwa, watu wameenda kutafuta riziki. Saa sita ilipogonga alikuwa na majina ishirini na mawili, yote kayanakili kwenye karatasi ya kumpelekea mtendaji.

Mtendaji akaisoma orodha mpaka mwisho, akaigeuza, nyuma hakuna kitu.

"Wamepungua watatu. Hawa wazazi wako wazembe, au?"

Hapo angeweza kuitikia tu. Wiki nzima alikuwa anasema hivyo hivyo.

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyewafungia."

Mtendaji akamhurumia, lakini alishasema ishirini na tano na maveterani walikuwa wamekaa pale pale kwenye benchi wanasikiliza. Jioni zikaenda kwao mpaka mwakani. Watoto wakaachiwa Jumamosi asubuhi tu, mara moja kwa wiki.

Jumamosi ya kwanza Chande alifika kabla ya mtu yeyote. Akasimama golini, akawa anawahesabu wanavyoingia, mmoja mmoja, na wazazi wao nyuma. Alipomaliza akarudia kuhesabu, maana hakutaka kuamini.

Walikuwa thelathini na wanne.

Funzo: Kabla hujawapigia watu kelele kwamba hawaingii, toka nje, simama waliposimama wao, ujaribu kuufungua mlango wako mwenyewe.